Kumkumbuka kijana mwenye kipaji aliyetutoka mapema: mwongozo kamili kwa familia na marafiki wa Lubumbashi

Kijana anapofariki Lubumbashi, watu hawakosekani. Turubai hufungwa uani, akina mama huketi kwenye mikeka usiku kucha, vijana wa mtaa hukesha nje wakiimba, na siku ya mazishi msafara wa magari na pikipiki husindikiza jeneza hadi makaburini. Kwa upande huo mji wetu una desturi imara, na sina la kuongeza. Shida huanza baadaye, kilio kinapokwisha na viti vya kukodi vinaporudishwa. Ikiwa marehemu alikuwa mpiga gitaa, mchoraji, mpiga picha, mtunzi wa mashairi, mwigizaji au fundi cherehani mwenye mkono wa pekee, mara nyingi familia hubaki na fulana zenye sura yake na simu iliyofungwa kwa namba ya siri isiyojulikana na mtu, huku kazi zake zenyewe zikiwa zimetawanyika kwa watu wasiojuana.

Mtu mzima anayekufa akiwa na watoto huwaachia jina lake na mambo yake. Kijana asiye na mtoto hana mrithi wa namna hiyo, na katika familia zetu nyingi hutajwa kidogo kidogo mpaka asitajwe tena. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja ambao ninauamini kwa dhati: kazi zake zikusanywe kwanza, ndipo sherehe ya kumbukumbu ifanyike. Sherehe inayofanywa kabla ya kazi kukusanywa hugeuka kuwa kilio cha pili, kwa kuwa watu huja, hulia, hula na kuondoka bila kuona wala kusikia kile alichokuwa akikifanya.

Siku za kilio

Katika siku hizi hakuna haja ya kupanga sherehe, lakini kuna mambo yasiyoweza kungoja. La kwanza ni simu, kompyuta, madaftari na vyombo vya kazi. Familia imchague mtu mmoja mtulivu, anayeaminiwa na pande zote, avikusanye na kuviweka mahali pamoja bila kufuta kitu chochote. Asijaribu namba za siri kwa kubahatisha, kwa sababu simu nyingi hujifunga baada ya majaribio kadhaa, na nyingine zimewekwa ili zifute kila kitu. Laini ya simu yake iendelee kuwekewa vocha, maana laini isiyotumika hufungwa na namba hiyo hatimaye hupewa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa, na Google inaweza kufuta akaunti ambayo haikuguswa kwa miaka 2, pamoja na picha na rekodi zilizomo. Kwa hiyo mwenye kuifungua kihalali, kama vile ndugu aliyeachiwa namba ya siri, aifungue mapema na kunakili yaliyomo.

Pia ombeni, kwa adabu, kwamba wakati wa kugawa nguo na vitu vya marehemu madaftari na karatasi zisigawanywe wala kuchomwa. Daftari la shule lililoandikwa hesabu mbele linaweza kuwa na nyimbo nyuma.

Jambo jingine ni zito zaidi. Kijana anapokufa ghafla, hasira hutafuta mtu wa kuibeba, na mara nyingi anayetafutwa ni bibi, mjomba au shangazi anayeshukiwa uchawi. Tumeona katika miji yetu vilio vilivyogeuka vurugu, nyumba zikipigwa mawe na wazee wakikimbia makwao. Marafiki wa marehemu ndio wenye nguvu ya kuzuia jambo hilo, kwa kuwa vijana wenzao huwasikiliza wao kuliko polisi au mchungaji. Wasimame mapema, waseme waziwazi kwamba jina la rafiki yao halitatumika kumuumiza mtu, na wakae karibu na yule anayeshukiwa mpaka mazishi yaishe. Kumbukumbu iliyoanza kwa damu ya mzee haitaweza kusherehekewa na familia nzima baadaye.

Hatimaye, hakikisheni kwamba kifo kimeandikishwa kwenye ofisi ya hali ya raia ya komini, yaani manispaa ya eneo lenu, na kwamba hati ya kifo imetolewa. Wengi huiacha kwa kuona kwamba haina kazi. Itahitajika mtakapoiomba Facebook igeuze ukurasa wake kuwa ukurasa wa kumbukumbu, mtakaposhughulikia haki za nyimbo zake, au mtakapotaka kufungua mfuko kwa jina lake.

Kuomba ruhusa na kujua nani anasema

Wiki chache baada ya kilio, marafiki waende kwa wazazi. Wasiende kundi zima, watu wawili au watatu wanatosha, na mmoja awe mtu mzima, kama vile mwalimu wake au kiongozi wa kwaya. Wasiende mikono mitupu, mfuko wa unga na sukari kidogo vinatosha kuonyesha kwamba hawakuja kuchukua tu. Wasianze na habari za sherehe. Maneno yanaweza kuwa rahisi: «Mama, pole tena. Sisi ni rafiki za mwanao. Tumekuja kuuliza kama mnaturuhusu tukusanye kazi zake zisipotee. Kila tutakachopata, nakala ya kwanza itakuwa yenu.» Na ikiwa mama huyo alikuwa akiitwa kwa jina la mwanawe, msiache kumwita hivyo kwa kudhani mnamhurumia. Kwa mama wengi, kusikia jina hilo likitajwa mchana, nje ya maombolezo, ni faraja, na asiyetaka atasema mwenyewe.

Mjue pia ni nani mwenye neno katika ukoo. Katika mji uliokusanya watu wengi kama wetu, familia hazifuati mstari mmoja. Kwa Wabemba na Walamba, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa, ilhali kwa Waluba wa Katanga upande wa baba ndio unaotangulia. Mkipata ruhusa ya upande mmoja tu, upande wa pili utakuja kuwauliza siku ya sherehe mbele ya wageni. Ni afadhali kutumia mwezi mmoja zaidi mkiwazungukia wote.

Naomba msimsahau mchumba wake. Mara nyingi binti aliyekuwa naye huondolewa uani mara tu kilio kinapokwisha, hasa kama mahari haikuwa imelipwa, naye ndiye mwenye barua, picha na rekodi ambazo wazazi hawajawahi kuziona. Mumwendee kwa heshima ileile. Na kama kuna mtoto, hata aliyezaliwa nje ya ndoa, jambo hilo libadilishe mipango yenu yote, kwa sababu mtoto aliyetambuliwa ndiye mrithi wa kwanza kwa Sheria ya Familia ya Kongo. Pasipo mtoto, warithi ni mwenzi wa ndoa, wazazi na ndugu.

Urithi huo unahusu kazi za sanaa pia. Kwa sheria ya mwaka 1986 inayolinda haki za watunzi nchini mwetu, haki za kazi hudumu muda wa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, nazo huenda kwa warithi. Rafiki aliyepiga ngoma kwenye wimbo, au mwenye studio aliyeurekodi, ana sehemu yake, lakini hana ruhusa ya kuuza kazi ya marehemu bila familia kujua. Ikiwa marehemu alikuwa amejiandikisha SOCODA, shirika linalosimamia haki za watunzi, familia ipeleke hati ya kifo huko na kuuliza taratibu za warithi. Makubaliano mnayofikia na familia yaandikwe kwenye karatasi moja na kutiwa saini: nani anahifadhi, nani anaruhusiwa kuchapisha, na fedha zikipatikana zinaenda wapi.

Kukusanya kazi

Hapa ndipo penye uzito, na ninawaomba msiharakishe. Historia ya mji wetu yenyewe inaonyesha tofauti kati ya kazi iliyohifadhiwa na ile iliyoachwa. Mwenda wa Bayeke alikuwa kijana mpiga gitaa wa Jadotville, Likasi ya leo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi mwaka 1952, na kwa sababu ya rekodi zile vidole vyake vinasikika duniani kote hadi sasa. Wapiga gitaa wangapi wa makambi ya wafanyakazi walipiga vizuri katika miaka ileile, na hakuna aliyewawekea mashine mbele? Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora kati ya 1973 na 1974 mfululizo wa picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alizinunua na pia akarekodi maelezo ya mchoraji mwenyewe, kwa Kiswahili chetu, kuhusu picha hizo. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, wala hajulikani alikoishia. Leo tunaweza kuona alichochora na kusoma alichosema. Picha nyingine nyingi za ukumbusho zilizotundikwa katika vyumba vya kupokelea wageni, kwa mikono ya wachoraji wenzake, ziliuzwa moja moja na kuoza kwa unyevu, na majina ya waliozichora yakaondoka pamoja nazo.

Anzeni kwa kuandika orodha ya kila mtu anayeweza kuwa na kitu: wanafunzi wenzake, parokia au kanisa alikoimba, studio, redio za mji zilizowahi kumwalika, wateja walionunua picha zake, mpiga picha wa harusi alikotumbuiza. Mgawane majina hayo, kila mmoja achukue watu wasiozidi kumi, apige simu au afike nyumbani. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp pekee halitoshi. Watu hujibu kwa alama ya huzuni na kusahau, lakini mtu akikaa mbele yao watafungua simu na kutafuta.

Mnapopokea picha na sauti, msikubali zitumwe kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu programu hiyo hupunguza ubora wa picha na video. Aombwe azitume kama dokumenti, au bora zaidi, mwende na flashi na kunakili moja kwa moja. Faili asilia isihaririwe kamwe: mkitaka kusafisha sauti au kuongeza mwanga, fanyeni hivyo kwenye nakala. Kila faili ipewe jina linaloanza na mwaka, mwezi na siku, kisha jina la kazi, kisha mahali. Pasipo tarehe kamili, andikeni mwaka tu, na msibuni. Pembeni muwe na daftari au jedwali linaloeleza kwa kila kazi jina lake, mwaka, wenzake walioshiriki, nani anamiliki kazi halisi, na nani aliyewapa nakala.

Picha za kuchora zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mara nyingi mwenye nayo hataitoa. Muombe ruhusa ya kuipiga picha palepale. Itolewe nje mahali penye kivuli chenye mwanga wa kutosha, kamwe si kwenye jua kali wala kwa taa ya simu inayoacha doa jeupe, isimamishwe wima, na kamera ishikwe ikielekea katikati yake ili pembe nne zionekane sawa. Pigeni picha moja yenye rula pembeni, moja ya saini, na moja ya upande wa nyuma, ambako wachoraji wengi huandika tarehe au bei. Pimeni urefu na upana kwa sentimeta. Msikwangue wala kupangusa picha kwa kitambaa chenye maji, hata kama ina vumbi jingi.

Kwa nguo alizoshona, picha ya nguo ikiwa imevaliwa na mwenyewe ni bora kuliko ikiwa kwenye kamba. Kwa mashairi na maigizo, piga picha kila ukurasa wa daftari, hata wenye mistari iliyofutwa, kisha mtu mwenye subira ayachape maandishi kama yalivyo. Kama aliandika kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganywa na Kifaransa, asikisahihishe. Ndivyo alivyosema.

Mwisho wa kazi hii muwe na nakala tatu: moja kwa wazazi, moja kwa mtunzaji mliyemchagua, na moja nje ya mji, kwa ndugu aliyeko Likasi, Kolwezi au ng'ambo, au kwenye hifadhi ya intaneti ambayo watu wawili wanajua namba yake ya siri. Nakala zote tatu zikikaa nyumba moja, mwizi mmoja au moto mmoja unazimaliza zote.

Kurekodi wanaomjua

Kazi pekee haielezi mtu. Katika mji wetu tunayo mifano mizuri ya kusikiliza watu wa kawaida: tangu mwaka 2000 wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, wamekusanya simulizi na vitu vya wakazi wa mji na kuvionyesha kwenye jumba la makumbusho. Njia yao inafaa hata kwa mtu mmoja.

Mrekodi wazee kwanza. Simu ya kawaida inatosha, ikiwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na mzungumzaji, ikiwa imezimiwa mtandao ili isiite katikati ya maneno, na redio na feni vikiwa vimezimwa. Mwulizeni jambo analolijua kwa macho yake: alimwona mara ya kwanza akishika gitaa lini, gitaa lilikuwa la nani, nani alimfundisha, wimbo gani alikataa kuimba tena, alikasirishwa na nini. Swali la jumla, kama «alikuwa mtu wa namna gani», huleta jibu ambalo lingemfaa marehemu yeyote. Mzungumzaji akilia, nyamazeni na msizime simu isipokuwa akiomba. Na mwisho aulizwe ni sehemu gani hataki isikiwe na watu wengine, na neno lake liheshimiwe.

Siku ya sherehe

Tarehe ya mwaka mmoja baada ya kifo ndiyo watu huichagua bila kufikiri, nayo ina uzito wake wa dini, kwa sababu misa au ibada ya kumwombea huwa siku hiyo. Mimi ninapendelea siku ya kuzaliwa kwake kwa ajili ya sherehe ya kazi, na siku ya kifo ibaki ya sala na kaburi. Kuna pia tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi nchini kwetu, ambapo familia nyingi huenda makaburini asubuhi kufagia na kung'oa majani. Familia inaweza kuitumia kumtembelea bila kuhitaji mipango mipya.

Kama sherehe itafanyika nje, tazameni majira. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na sherehe ya Januari chini ya turubai jembamba huharibu picha na spika. Mei hadi Julai hakuna mvua, ingawa jioni za Juni na Julai ni baridi kiasi cha wazee kuondoka mapema, kwa hiyo mwanze saa nane mchana na kumaliza kabla ya giza. Agosti na Septemba kuna upepo na vumbi, na hapo ukumbi wa ndani ni bora.

Kuhusu mahali, ua wa familia ndio rahisi, na kwa familia zenye huzuni nzito ndio wa kweli zaidi. Uwanja wa shule aliyosoma una faida ya kuleta wanafunzi. Kwa maonyesho ya picha, fikirieni kuzungumza na jumba la makumbusho la taifa lililoko mjini, na Taasisi ya Kifaransa, au na vituo vya sanaa kama kile kiitwacho Picha na kile kiitwacho Waza, ambavyo vinafahamu kazi za wasanii vijana. Mwende na daftari la kazi mkononi, maana hakuna mwenye ukumbi anayeweza kuamua kwa kusimuliwa tu. Ikiwa sherehe itakuwa barabarani au mahali pa wazi, Ibara ya 26 ya Katiba ya mwaka 2006 inawataka waandaaji kuiarifu mamlaka husika kwa maandishi. Pelekeni barua mbili zinazofanana komini, mojawapo irudi na muhuri wa kupokelewa, na mumjulishe pia mkuu wa mtaa.

Ratiba iwe fupi, saa tatu zinatosha. Sala fupi, neno la mzazi au la ndugu aliyemteua, kisha moja kwa moja kazi yenyewe isikike au ionekane, wakati watu bado wana nguvu ya kusikiliza. Wenzake wapige nyimbo zake, na wimbo mmoja uachwe kwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, bila mtu kuimba juu yake. Mwalimu au bwana aliyemfundisha aeleze, kwa mifano, kitu gani hasa alikifanya vizuri: namna alivyopanga vidole, namna alivyotumia rangi nyekundu, namna alivyokata kitenge bila karatasi. Maelezo ya ufundi humheshimu msanii kuliko sifa za jumla. Baada ya hapo watoto na vijana wapewe nafasi waonyeshe vyao. Muwe na jenereta na mafuta hata kama umeme upo asubuhi hiyo, na mzijaribu spika siku iliyotangulia.

Mbali na ratiba, amueni mapema kuhusu wanasiasa. Katika majira ya uchaguzi, na hata nje yake, hutokea mtu anayetaka kulipia fulana kwa sharti sura yake iwe mgongoni, au anayefika na kuomba kipaza sauti. Msaada wa namna hiyo ukataliwe kwa shukrani, na jibu litolewe na mzee mmoja wa familia, si na vijana, ili pasiwe na ugomvi. Kanisa nalo lisigeuze siku hiyo kuwa mahubiri ya saa mbili. Mchungaji aelezwe dakika zake mapema, naye ataelewa.

Picha kubwa ya ukumbi msiichague kutoka kwenye kitambulisho. Tafuteni ile ambayo yuko kazini, hata kama uso hauonekani wote.

Kusema juu yake

Anayeandika hotuba au maandishi ya kipeperushi ana wajibu wa kusema kweli. Kijana aliyekufa si malaika, na wenzake wanaosikiliza wanajua hilo. Mkisema hakuwahi kugombana na mtu, hawatawaamini mtakaposema alikuwa mpiga gitaa bora wa komini ya Katuba. Semeni kwamba alichelewa mazoezi kila mara, kisha mseme alichokifanya alipofika. Jinsi alivyokufa itajwe kwa sentensi moja, kama familia inaruhusu, na isirudiwe. Ikiwa alijiua, au alikufa kwa ugonjwa ambao watu huuficha, familia ndiyo inayoamua kama itasemwa, na akina mama wa ukoo waulizwe pia, si baba peke yake. Picha za hospitalini na za jeneza zisiwekwe kwenye maonyesho wala kwenye simu za watu.

Fedha

Chagueni watunza fedha wawili, mmoja wa familia na mmoja wa marafiki, ambao hawakai nyumba moja. Mchango wowote, uwe wa faranga au wa dola, uandikwe siku ileile kwenye daftari lenye jina la mtoaji na kiasi, na mchango wa M-Pesa au Airtel Money uende kwenye namba moja tu iliyotangazwa. Kila matumizi yawe na risiti au karatasi iliyosainiwa, ipigwe picha na kuwekwa kwenye kundi. Wiki moja baada ya sherehe hesabu isomwe mbele ya waliochanga, hata kama kilichobaki ni kidogo. Ninasisitiza hili kwa sababu urafiki mwingi uliojengwa juu ya kaburi la rafiki umevunjwa na dola hamsini zisizojulikana zilikoenda. Chakula kiwe kidogo, na bia ikibidi iwepo, isinunuliwe kwa fedha za mchango.

Miaka inayofuata

Watu wengi hutaka kuanzisha shirika lenye jina lake mara moja. Shirika lisilo la faida linafuata sheria ya 20 Julai 2001, linahitaji wanachama, mikutano, kanuni na karatasi nyingi, na likianzishwa na watu watatu wenye huzuni hufa ndani ya mwaka wa pili. Anzeni na kitu kimoja kinachoweza kurudiwa bila fedha nyingi. Gitaa lake linaweza kukopeshwa kila mwaka kwa kijana mmoja asiye na chombo, chini ya mkataba wa ukurasa mmoja na mdhamini. Rangi na brashi zake zinaweza kwenda kwa mwanafunzi anayechora. Jioni moja ya mashairi inaweza kufanyika shuleni kwake.

Kwa wale wanaouliza kama kumbukumbu ya kijana wa kawaida inaweza kudumu, watazame Goma. Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981, aliuawa Julai 2007 akiwa na miaka 26, baada ya kukataa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kuingia sokoni. Wenzake wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio waliendelea kumtaja kila mwaka na kuipa jina lake shule ya watoto maskini na wakimbizi, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma. Kilichosaidia jina lake lisisahaulike ni marafiki walioshika jambo moja dogo, shule, na kulirudia mwaka baada ya mwaka.

Mtoto akizaliwa katika familia na kupewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, msimpe mzigo wa kuwa yeye. Apewe nakala ya kazi akifika umri wa kuelewa, na aachwe achague njia yake hata ikiwa ni ya hesabu au mpira.

Kila mwaka, wiki moja kabla ya siku ya kumbukumbu, mtunzaji afungue diski na kusikiliza faili chache kutoka kila mwaka ili ajue kama bado zinasomeka. Diski iliyozidi miaka mitano inakiliwe kwenye mpya. Yule anayeshika nakala ya nje ya mji apigiwe simu athibitishe kwamba bado anayo, na ikiwa mtunzaji mwenyewe anahama au amechoka, akabidhi vyote kwa mwingine mbele ya mashahidi wawili, pamoja na daftari la orodha na karatasi ya makubaliano iliyosainiwa na familia.